Mchele, pesa au mabati: kamati ya shehia ichague nini baada ya maji kuingia

Hapa Zanzibar, maji ya mafuriko yakishaingia ndani, siku ya kwanza watu wanahamisha magodoro na watoto. Siku ya pili anapita sheha, kiongozi wa shehia, na daftari. Siku ya tatu anakuja afisa wa wilaya na fomu, na pengine siku hiyo hiyo wanapita vijana wa jumuiya ya misaada na fomu nyengine. Wiki inayofuata inashuka timu ya tathmini na fomu yake ya tatu. Mtu mmoja ameshaandikwa mara tatu kwa majina matatu: Mwanaisha, Bi Aisha na Mama Khamis. Jirani yake mpangaji, aliyekwenda kulala kwa ndugu yake, hakuandikwa hata mara moja. Wiki ya nne linafika lori la mchele, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Ugomvi huo huitwa wizi haraka sana. Wizi upo, lakini mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo kuliko hicho: aina ya msaada iliyochaguliwa haikulingana na orodha iliyokuwepo. Mchele unastahamili orodha yenye makosa madogo. Pesa hazistahamili. Mabati yanataka orodha nyengine kabisa, ya majengo na si ya watu. Kamati ya maafa ya shehia, jumuiya ya msikiti, na Wazanzibari walioko nje wanaochangishana kwa simu, wote wanakabiliwa na uchaguzi huu, na wengi huchagua kwa mazoea: masika yaliyopita tulitoa mchele, basi tutoe mchele tena.

Tunasimama wapi kiserikali

Maafa si jambo la Muungano. Bara wana Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022. Zanzibar inaongozwa na Sheria Na. 1 ya 2015, iliyounda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa pamoja na kamati zinazoshuka kutoka mkoa na wilaya hadi shehia. Hali ya hewa ni ya Muungano, kwa hiyo tahadhari inatoka TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wa kuifanyia kazi ni watu wengine chini ya sheria nyengine. Sheha naye hachaguliwi kwa kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Aliyeachwa nje ya daftari hana kura ya kumtolea sheha jawabu. Njia yake ni kupanda wilayani, na aliyelala kwenye maji hana nauli wala muda wa kupanda wilayani.

Kuna na kalenda, ambayo watu hawaitazami. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Masika hunyesha Machi hadi Mei, wakati mafungu yamebaki mkia tu. Vuli huja Oktoba hadi Disemba, mafungu yakiwa bado mabichi. Ununuzi wa umma una taratibu zake chini ya Sheria Na. 11 ya 2016, hata unapokuwa wa dharura, na karatasi za Mei hukimbizana na ufungaji wa hesabu wa Juni. Kwa kamati ya shehia maana yake ni moja: mvua ikiwa ya masika, usipange msaada unaotegemea ofisi ianze kununua upya. Panga kwa kile kilichomo ghalani tayari, au kwa michango.

Orodha kwanza, msaada baadaye

Kaya ihesabiwe kwa chungu, si kwa mlango. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Nyumba ya mwanamme mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali ni kaya mbili, na yeye mwenyewe anaandikwa kwenye moja tu. Nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, ambayo mwenyewe anaishi mtaa mwengine, ni kaya sita, na mwenye nyumba hamo katika hizo sita. Akija na hati yake kutaka mchele, jawabu ni kuwa jina lake limo kwenye orodha ya pili, ya majengo. Orodha hizi mbili zianze siku moja kwenye madaftari mawili. Zikichanganywa, mpangaji anakosa chakula kwa sababu nyumba si yake, na mwenye nyumba anakosa bati kwa sababu hakuwepo usiku wa mafuriko.

Kwenye daftari la kaya andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha NIDA. Andika wangapi wanakula hapo, wangapi wako chini ya miaka 5, nani mjamzito, ananyonyesha au ana ulemavu, na wamelala wapi usiku wa jana. Mwisho andika namba ya simu pamoja na jina linalotokea mtu akianza kuitumia namba hiyo pesa. Simu nyingi huonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, kwa hiyo jaribio hili halina gharama, na ndilo litakaloonyesha kwamba laini ya bibi imesajiliwa kwa jina la mjukuu aliyeko Dar es Salaam. Ukigundua hayo siku ya kuandika, unatafuta njia nyengine. Ukigundua siku ya malipo, bibi amekosa.

Pima pia alama ya maji ukutani kwa tepu, kutoka sakafuni, na uipime kabla ukuta haujafutwa wala kupakwa chokaa. Chini ya sentimita 15, hasara kubwa ni mikeka na vilivyowekwa chini. Kati ya 15 na 50, magodoro, nguo na akiba ya chakula vimekwenda. Zaidi ya 50, kitanda na friji vimekwenda, na kama karo, yaani shimo la choo, limefurika, basi maji hayo si ya mvua tena, na hata sahani zinataka kuchemshwa. Mgawanyo huu ni rahisi kuutetea mbele ya watu, kwa sababu alama ipo na kila mtu anaiona. “Aliyeathirika sana” na “aliyeathirika kiasi” ni maneno ambayo kila mwandishi atayapima kwa jicho lake.

Kila kaya ipewe kikaratasi chenye namba na mhuri. Timu ya pili ikija, na ya tatu, ziandike namba hiyo hiyo kwenye fomu zao. Ndiyo dawa ya Mwanaisha kuwa watu watatu, na inagharimu kitabu kimoja cha risiti.

Hesabu ya muda ni hii. Kaya moja inachukua kama dakika 12 pamoja na kupima ukuta. Kaya 300 ni saa 60 za kazi. Timu nne za watu wawili wawili zinamaliza kwa saa 15 kila moja, yaani siku mbili. Ofisi ikisema orodha itachukua wiki tatu, uliza wamepeleka timu ngapi.

Wapo wanaokosekana karibu kila mara: wapangaji waliotoka bara, wavuvi wa dago, yaani walioko kambi za msimu, wachumaji wa karafuu walioko kambini, na wote waliohamia kwa jamaa mtaa wa pili, ambako sheha wa huko hawajui na sheha wa huku haoni mtu wa kumwandika. Kuna orodha zilizo tayari zinazotia tamaa. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016, ina majina ya wazee wa miaka 70 na zaidi, na TASAF, mfuko wa Serikali wa maendeleo ya jamii, ina kaya masikini. Majina yamehakikiwa na njia ya malipo ipo. Zitumie kusahihisha majina na kutafuta wazee waliosahaulika, lakini usizifanye ndiyo orodha ya mafuriko. Maji hayaulizi nani masikini. Huteremkia bondeni, akawakuta masikini na wenye nacho pamoja.

Orodha ibandikwe siku tatu: ofisini kwa sheha, dukani na kituo cha afya. Kuisoma baada ya swala ya Ijumaa ni vizuri lakini hakutoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya wanaopika hawako pale. Malalamiko yapokewe na mtu ambaye hakuandika orodha. Sharti hili linaweza kuonekana dogo. Baada ya Kimbunga Idai kupiga Msumbiji Machi 2019, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba wapo wanawake waliotakiwa ngono na viongozi wa mitaa ndipo wapewe chakula cha msaada. Daftari likiwa mikononi mwa mtu mmoja, na malalamiko yakaenda kwa huyo huyo, hakuna pa kusemea.

Mchele

Uzuri wa mchele ni kwamba kosa lake ni dogo na linaonekana. Aliyeandikwa mara mbili anachukua polo la pili, hasara ni polo moja, na polo halifichiki begani. Ndiyo maana orodha ikiwa bado changa, mchele ndio salama zaidi.

Tatizo lake ni kipimo. Mtu mmoja anahitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Hizo zinapatikana kwa kiasi cha mchele gramu 450, maharage au choroko gramu 60, mafuta gramu 30 na sukari gramu 15. Kaya ya watu 6 kwa siku 15 inahitaji mchele kilo 40 na nusu, maharage kilo 5.4, mafuta lita 3 na sukari kilo 1.35. Sasa tazama mazoea yetu: kila nyumba polo la kilo 25, bila kuuliza idadi. Kaya ya watu 3 inakula siku 18. Kaya ya watu 10 inakula siku tano na nusu. Wote wametia saini kwamba wamepokea “mgao wa wiki mbili”, na kwenye ripoti wote wameshiba.

Kaya 300 za ukubwa huo ni mchele tani 12 na kilo 150, na vyote vikijumlishwa ni karibu tani 15. Lori la tani 7 litakwenda safari mbili na kubakisha. Ghala liwe na paa zima, magunia yapangwe juu ya mbao, yaachane na ukuta kiasi cha mtu kupita. Wakati wa masika, gunia lililoegemea ukuta wa mawe hunyonya unyevu na kuvunda kutoka upande usioonekana. Pima kwa mizani wakati wa kupokea, hata kama gunia limeandikwa kilo. Usigawe kwa pishi, kwa sababu mkono mmoja hujaza kilele na mwengine hufuta juu, na watu wanaona.

Kisha kuna jambo ambalo aliyeko ofisini hukosa kuliona: mchele mbichi haupikiki bila kuni, maji safi na sufuria. Siku tatu za mwanzo, kuni zimelowa, makaa yameelea, na kisima kimeingia maji ya karo. Siku hizo ni za chakula kilichopikwa pahala pamoja, skuli au madrasa, pamoja na maji ya kunywa. Kiwango kinachotumika kwa maji yote ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na kwa mahali pa kulala ni mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 7 kwa 8 ni la watu 16. Likiwekwa watu 40, maradhi ya kuharisha yatafuata, na skuli nayo haitafunguka Jumatatu.

Ununuzi mkubwa wa vyakula una mtego wake. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, FEMA, shirika la maafa la Marekani, lilimpa mkandarasi mmoja asiye na uzoefu wa kazi ya namna ile mkataba wa milo milioni 30 kwa dola milioni 156. Ilipofika siku ambayo milo milioni 18.5 ilitakiwa iwe imefika, ilikuwa imefika 50,000 tu, na hata hiyo ilifungwa mbali na vifuko vya kupashia moto. Kamati yetu hainunui kwa mamilioni ya dola, lakini somo la mkataba linahusu hata tani 15: mpe muuzaji sehemu ya kwanza, tani 2 kwa mfano, ipokee, ipime, ndipo umpe iliyobaki. Na wauzaji wawe wawili.

Pesa

Pesa ndizo zinazoheshimu watu zaidi. Aliyepoteza godoro ananunua godoro, aliyepoteza dawa za sukari ananunua dawa. Hakuna lori, ghala wala polo lililovunda. Lakini ndizo zinazotaka orodha safi kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani begani na halirudi.

Marekani walijifunza hilo baada ya Kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Malipo ya haraka ya dola 2,000 yalitolewa huku waliojiandikisha kwa simu wakiwa hawahakikiwi majina. Yalilipwa hadi kwa wafungwa walioko gerezani na kwa anuani za sanduku la posta zilizotajwa kuwa ndizo nyumba zilizoharibika. Mwaka uliofuata wakaguzi wa Bunge lao, GAO, walikadiria kuwa malipo yasiyostahili yalikuwa kati ya dola milioni 600 na bilioni 1.4. Funzo linaloshikwa mara nyingi ni kuwa pesa ni hatari. Tunaona funzo sahihi ni jengine: waliruka hatua moja tu, ya kulinganisha jina na kitambulisho, na hatua hiyo ndiyo ile ya dakika 12 tuliyoieleza juu.

Kiasi kipangwe kwa bei za dukani. Nenda maduka matatu ya mtaa, andika bei ya mchele, maharage, mafuta, sukari na makaa, chukua ya katikati. Kwa mfano tu: mchele ukiwa shilingi 2,500 kwa kilo, maharage 3,000, mafuta 6,000 kwa lita na sukari 3,000, kapu la watu 6 kwa siku 15 linafika shilingi 139,500. Ongeza makaa na ada ya kutolea, na unakuwa karibu na 150,000. Ada hiyo husahaulika mara nyingi. Mtu akiahidiwa 150,000 na mkononi zikafika pungufu, ataamini kwamba sheha amekula.

Baada ya hapo, hesabu floti, yaani pesa alizonazo wakala za kuwalipa watu. Kaya 300 kwa 150,000 ni shilingi milioni 45. Wakala wa mtaani mwenye taslimu milioni 2 anahudumia kaya 13, basi. Mawakala 10 wanahudumia 130 kwa siku. Kwa hiyo usitume kwa wote asubuhi moja; gawa kwa namba za vikaratasi, 100 kila siku kwa siku tatu, na mawakala wajulishwe siku mbili kabla ili wajaze. Anza na kaya 10 za majaribio. Kati ya hizo 10, zikikwama mbili kwa sababu ya jina au laini iliyofungwa, simamisha na urudi kwenye orodha, maana katika 300 zitakwama 60.

Asiye na simu alipwe taslimu mbele ya mashahidi wawili wasio wajumbe wa kamati, mmoja wao mwanamke. Na pale mume na mke wanapokuwa na laini mbalimbali, tuma kwa anayepika. Wengine watapinga kwamba mnavunja nyumba. Jibu ni kwamba pesa hizi ni za chungu.

Pesa za simu zina adui mmoja: umeme. Unguja inalishwa kwa waya wa baharini kutoka bara, na tunakumbuka umeme ulipokatika Mei 2008 kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mnara wa simu ukiishiwa na betri, pesa zipo na hazipo. Kama umeme umekatika na hakuna tarehe ya kurudi, chagua mchele au taslimu mkononi.

Michango nayo ina mlango wake wa kuvuja, na uko juu ya shehia. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, Rais wa wakati huo alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyengine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Baadaye walioathirika waliambiwa kwamba Serikali haitawajengea nyumba, na sehemu kubwa ya nguvu ikaelekezwa kwenye taasisi za umma kama Sekondari ya Ihungo. Kutengeneza skuli si kosa. Kosa ni kuchangisha kwa picha ya nyumba iliyoanguka kisha kujenga kitu chengine. Kamati inayochangisha itangaze namba moja ya akaunti, iweke watia saini watatu, iandike tangu tangazo la kwanza pesa ni za nini, na ibandike taarifa ya benki pale pale ilipobandikwa orodha.

Mabati

Mabati hupendwa na wafadhili kwa sababu yanapigwa picha vizuri. Kwa mafuriko ya kawaida ya mjini ni msaada wa pembeni, kwa sababu maji huharibu ukuta na sakafu, si paa. Nyumba ya udongo iliyokandikwa, ikikaa ndani ya maji siku mbili, inakatika chini, na paa linashuka likiwa zima. Anachohitaji mtu huyo ni matofali, saruji na fundi, au kiwanja mahali pa juu. Ukimpa bati, atauza bati. Hajafanya hila, amegeuza msaada wako kuwa pesa kwa bei ya hasara.

Kwa upepo, ni sahihi. Na upepo tusiuchukulie kuwa ni wa wengine. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kukiacha kisiwa cha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisimamisha boti kati yetu na Dar es Salaam.

Basi hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 6, paa la pande mbili lililozidi ukuta kwa nusu mita kila upande, ina mteremko wa karibu mita 3.9 upande mmoja. Bati la futi 10 ni mita 3 na kidogo, halifiki. Linafunika upana wa kama sentimita 76 baada ya kulaliana, kwa hiyo inakuwa safu 12 kila upande, jumla 24: bati zima 24, na nyengine 8 za kukata vipande vitatu vitatu kujazia. Ni bati 32, pamoja na kofia za mgongoni na misumari ya bati isiyopungua 600. Msaada wa bati 20 kwa kila nyumba, uliozoeleka, hauezeki nyumba hii. Namba ya geji ikizidi, bati ni jembamba: geji 32 huchanika kwenye msumari upepo wa kwanza, geji 28 hustahamili. Bora nyumba 20 za geji 28 zenye mbao na fundi kuliko nyumba 35 za geji 32 bila vyote viwili. Msumari uwe mlimani mwa bati, si bondeni, na pembezoni mwa paa uwe kwenye kila mlima, kwa sababu upepo huanza kufunua pembeni. Kenchi zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma. Bila hivyo bati halitang'oka peke yake, litaondoka na kenchi.

Kabla ya kumpa bati mwenye nyumba ya kupangisha, mwandikishe kwamba wapangaji waliokuwemo wana haki ya kurudi kwa kodi ile ile kwa muda mtakaokubaliana. Asiyetia saini asipewe.

Tukiweka pamoja

| | Mchele | Pesa | Mabati |
|---|---|---|---|
| Orodha inayohitajika | ya kaya, hata ikiwa na makosa machache | ya kaya, majina na simu vimehakikiwa | ya majengo na wenyewe |
| Unaanza lini | siku ya 4 | siku ya 7 hadi 10 | baada ya mvua kukatika |
| Huharibika kwa | idadi ya watu kutoulizwa, unyevu | jina la laini, floti, umeme | bati pungufu, mbao na fundi kukosekana |
| Kosa huonekana? | ndiyo | hapana | baada ya upepo mwengine |

Mabonde ya mjini, kama Sebleni, Jang'ombe na Mwanakwerekwe, maji huingia kwa nguvu lakini maduka ya juu kidogo yanabaki wazi. Huko ni chakula kilichopikwa kwa siku tatu, kisha pesa. Kupeleka mchele wa lori mahali penye duka la mchele kila kona ni kumnyang'anya mwenye duka wateja wake, naye pia maji yalimwingilia.

Visiwa vidogo, kama Tumbatu, Kojani, Fundo na Kisiwa Panza, ni hesabu nyengine. Mawakala ni wachache, bahari ikichafuka hakuna mashua ya mzigo, na duka likimaliza limemaliza. Huko pesa nyingi kwenye bidhaa chache hupandisha bei tu. Chakula cha wiki mbili kiwekwe huko huko kabla ya Machi, kwenye chumba cha skuli au kituo cha afya, ufunguo mmoja kwa sheha na mwengine kwa mwalimu mkuu, kifunguliwe mbele ya wote wawili. Masika yakipita salama, kigawiwe kwa skuli kabla hakijaharibika na kinunuliwe kipya.

Mashamba yaliyozama yanataka mbegu na vipando vya muhogo, na hayo ni ya ofisi ya kilimo. Kamati iandike tu ekari na zao, ipeleke.

Hali ya kawaida kabisa, kwa bahati mbaya, ni ya nne: siku ya tano imefika, orodha bado ina majina yaliyorudiwa, na wilaya inataka mgao uonekane. Usikimbilie pesa. Toa mchele wa siku 7 tu, kilo 3 na gramu 150 kwa kila mtu na si kwa kila nyumba, na kila anayechukua aje na kikaratasi chake. Foleni ile ya mchele ndiyo itakayosafisha orodha yako: aliyeandikwa mara tatu atakuja na vikaratasi vitatu, aliyesahauliwa atakuja bila hata kimoja. Weka meza ya pili pembeni kwa ajili ya hao wawili. Jioni unayo orodha inayoweza kubeba pesa.

Wiki mbili baada ya mgao wa mwisho, wajumbe wawili wasiogawa waende kwenye kaya 30 kati ya 300, wakizichagua kila namba ya kumi. Waulize mambo matatu: ulipata nini na kiasi gani, kuna mtu yeyote aliyeomba chochote ili upate, na nani mtaani hapa aliingiwa na maji lakini hakupata. Majibu ya swali la tatu yaandikwe kwa majina, na wale watakaotajwa na zaidi ya kaya mbili wafuatwe walipo kabla daftari halijafungwa.